Nibaki shambani kwa baba mdogo au nikasomee kilimo chuoni?

Kijana_Isyonje aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nimemaliza kidato cha nne, matokeo si mabaya: baiolojia C, kemia D. Naishi Isyonje, pale barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu inapoachana na ile ya Kitulo na Makete. Ukipita na basi utaona ndoo za viazi zimepangwa kando ya lami, hapo ndipo nyumbani. Tangu nikiwa darasa la tano nalima na baba mdogo, maana baba alitangulia mapema. Kupanda, kupalilia, kupandishia udongo, kubeba bomba mgongoni, kushona gunia, vyote nimefanya.

Sasa ukoo umekaa kikao juu yangu. Shangazi yuko tayari kunilipia ada ya cheti cha kilimo. Baba mdogo anasema hiyo ada ni bora inunue mbegu na mbolea, yeye anikatie eka moja nijitegemee. Maneno yake: "Kilimo unakijua tayari. Unataka ukafundishwe na mtu ambaye hajawahi kukosa usingizi kwa ajili ya viazi?" Babu anamuunga mkono. Mama amenyamaza, ila najua moyo wake uko kwenye chuo.

Kuna jambo moja linanifanya nishindwe kuamua. Shamba letu la bondeni msimu huu viazi vinanyauka vikiwa vibichi kabisa. Asubuhi shina limesimama, saa nane mchana limelala, jioni linajiinua kidogo, na baada ya siku kadhaa limekufa. Majani hayana baka. Tumepiga dawa ya ukungu, tumeongeza mbolea, wapi. Baba mdogo anasema ardhi imechoka. Amelima zaidi ya miaka thelathini, simbishii. Lakini mbegu tuliitoa kwenye shamba letu la juu, upande wa Kikondo, na kule viazi vilikuwa vizuri sana. Mwalimu wetu wa baiolojia aliwahi kutuambia kwamba mmea ukinyauka wakati udongo una maji, tatizo litafutwe kwenye mirija yake. Najiuliza: miaka thelathini ya shamba na sentensi moja ya darasani, nishike kipi?

Naomba mnishauri kama mtoto wenu.

---

Dereva_Makambako:

Mdogo wangu, chukua eka. Napakia viazi Njombe na Makete kupeleka Dar, nawajua waliojenga kwa viazi, na wengi hawajakanyaga chuo. Wanachojua ni lini lori ni za shida, lini mzigo wa Kenya umejaa sokoni, dalali yupi analipa na yupi anazungusha watu, na namna ya kumkatalia mnunuzi anayetaka rumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, wakati sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Hayo huyapati kwenye ubao. Unayapata kwa kukaa kando ya barabara usiku na mzigo wako. Cheti unaweza kukifuata hata ukiwa na miaka thelathini, mtaji ukishasimama.

---

Mwalimu_Iringa:

Kijana, mimi nimefundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo ujue upande ninaosimama. Lakini nisikilize.

Mwaka 1845 ugonjwa wa baka jani, uleule mnaoupigia dawa huko kwenu kwenye milima ya Uporoto, uliingia Ayalandi. Kulikuwa na familia nyingi maskini ambazo chakula chao kilikuwa viazi, asubuhi na jioni. Watu wale walizaliwa kwenye viazi na kukulia kwenye viazi, na kama uzoefu ungetosha, wao wangepona. Walikufa takriban milioni 1 katika miaka michache, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli wakahama. Mkulima wa kule aliona jambo la kweli kabisa: ikinyesha mfululizo na hewa ikawa ya ubaridi, viazi vinaoza. Akahitimisha kuwa mvua ndiyo inayoozesha. Hata wasomi wengi wa wakati ule waliamini hivyo, wakasema ule ukungu mweupe chini ya jani unakuja baada ya kuoza. Ilipofika 1861, Mjerumani Anton de Bary alionyesha kwa majaribio kwamba ule ukungu ndio unaoanza, na kuoza kunafuata. Mvua inaupa tu nafasi ya kuota na kusambaa. Kujua hivyo kunabadilisha kazi nzima ya mkulima, kwa sababu mvua huwezi kuizuia, ila jani unaweza kulikinga kabla mbegu za ukungu hazijaota juu yake.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana wasomi nao wana deni. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mpango mkubwa wa karanga pale Kongwa. Wataalamu waliotumwa mwaka mmoja kabla walizunguka kwa wiki chache, wakaandika ripoti yenye hesabu nzuri. Wagogo walioishi pale walijua mvua zao haziaminiki na udongo ule ukikauka hauingiliki. Matrekta yalivunjika, karanga zilikwama ardhini, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alilalamikia shule zinazomjengea mtoto imani kwamba maarifa yote ya maana yanatoka vitabuni au kwa waliosoma, na mzee wake kijijini hana cha kumfundisha. Alikuwa sahihi.

Ushauri wangu: soma. Ila nenda ukiwa na maswali ya shamba lenu mkononi, uwaulize wakufunzi mpaka wakujibu.

---

Binti_Mbinga:

Mimi ni Mmatengo, nafanya kazi Iringa mjini. Nataka kusema kitu kuhusu ngoro, kilimo chetu cha mashimo mlimani, kwa sababu watu wakitaja uzoefu wanafikiri ni mzee mmoja na kumbukumbu zake.

Kwetu milima imesimama. Wanaume wanafyeka majani na kuyapanga chini kwa miraba, wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika. Mlima mzima unajaa mashimo, na kingo zake ndiyo matuta. Maharage yanapandwa mwezi wa tatu kwenye kingo, mahindi yanafuata mwishoni mwa mwaka. Mvua ikipiga, maji yanabaki shimoni na udongo unabaki mlimani, na majani yaliyozikwa yanageuka mbolea. Hakuna kitabu kilichowafundisha. Miaka ya tisini watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na Wajapani walikuja kupima na kuandika, na walikuta kazi imekamilika.

Bibi yangu alichimba ngoro mpaka uzeeni, hajui kuandika jina lake. Kwa hiyo Kijana, usidharau alichokuambia baba yako mdogo, hata kama kwenye hili la kunyauka hayuko sahihi.

---

Mama_Uporoto:

Marahaba mwanangu. Shamba lako la bondeni ni kama naliona, kwa hiyo naanza na ugonjwa, habari ya chuo itafuata.

Kesho asubuhi chukua glasi ya kuonekana ndani, isiyo na michoro, tia maji safi. Tafuta shina lililoanza kunyauka lakini bado bichi. Likate karibu na udongo, chukua kipande cha urefu wa kidole, kifute matope, kisha kining'inize kwa uzi ili ule mkato wa chini uzame kidogo kwenye maji. Glasi iwe mahali pa mwanga na isitikiswe, weka kitambaa cheusi nyuma yake. Ukiona ndani ya dakika chache uzi mweupe wa rangi ya maziwa unatoka kwenye mkato na kushuka taratibu kuelekea chini, huo ni mnyauko wa bakteria. Chimba na kiazi cha shina hilo, kikate katikati, kibane. Ile pete ya ndani ikitoa ute mweupe, umepata ushahidi wa pili. Usipoona uzi, basi si huo, tutafute kingine.

Kama ni huo, dawa ya ukungu mliyopiga ilikuwa bure, kwa sababu bakteria si ukungu, na wapo ndani ya mirija ambako bomba halifiki. Hakuna dawa ya dukani inayoutibu. Na ardhi yenu haijachoka. Mwalimu wako alikuwa sahihi kwenye mirija.

Nikwambie pia kwa nini baba yako mdogo hakuweza kuuona, kwani si uzembe. Ugonjwa huu hujificha kwenye baridi. Kule juu mmea unasimama, kiazi kinang'aa, na bakteria wamo ndani. Ukiishusha mbegu hiyohiyo bondeni kwenye joto zaidi na maji yanayotuama, inalala. Mtu anayetegemea macho tu atasema shamba la juu zuri, la chini bovu, na kila mwaka macho yake yatamthibitishia hivyo. Miaka thelathini ya kuangalia inaweza kumfundisha mtu jambo lisilo kweli, na kadiri anavyoliona ndivyo anavyozidi kuliamini. Ndiyo maana moyo unaniuma nikisikia kwamba kilimo hakihitaji darasa.

Mimi niliishia darasa la saba. Viazi nilifundishwa na mama mkwe, ambaye hakujua kusoma, na sijakutana na bwana shamba aliyemzidi kwa jicho. Alfajiri, umande haujakauka, alikuwa anapita kwenye matuta ya chini, anageuza jani moja moja kwa kidole gumba. Alikuwa anatafuta ule unyoya mweupe chini ya jani pembeni ya baka. Alijua kuwa jua likishapanda hauonekani tena, na alijua uanzie kona ipi, kwa sababu ukungu wa hewa, ule unaofunika mlima, ulikuwa unakawia kwenye kona hiyo. Akiuona anasema, leo tunapiga dawa. Tulipiga, na viazi viliungua hivyohivyo nusu nzima.

Siku moja nilikaa nikasoma lebo ya mankozebu, ile dawa yetu ya ukungu, yote, mpaka herufi ndogo. Ilieleza kwamba dawa ile inakinga jani kwa nje, ipigwe kabla ugonjwa haujaingia, irudiwe kila baada ya siku 7 hadi 14. Nilimsomea mama mkwe polepole. Aliniuliza maswali mengi, mengine lebo haikuyajibu. Mwisho akasema, kumbe tunafunga mlango mwizi yuko ndani. Tangu hapo tukawa tunapiga mapema, unyoya haujatokea. Na sasa tazama alichoongeza yeye: lebo inasema 7 hadi 14, haisemi lini 7 na lini 14. Yeye ndiye aliyeamua kwa kutazama mlima. Ukungu wa mlimani ukilala siku kadhaa bila kuinuka, siku 7. Kukiwa na upepo mkavu na jua, tunasogeza mbele tukaokoa hela ya dawa. Hakuna aliyeandika lebo hiyo aliyewahi kusimama Uporoto.

Mwalimu wa Iringa na Binti wa Mbinga wamesema vizuri, ila kuna kitu kimoja naona hawajakigusa. Wamatengo walikuwa na vizazi vya kujaribu, kwenye mlima uleule, mama anamwonyesha binti. Wewe shamba la viazi linakupa somo moja kwa msimu, na kumbukumbu ina tabia ya kujirekebisha. Waulize majirani wawili mvua ya mwaka juzi ilianza wiki gani. Kila mmoja atajibu kwa uhakika na majibu hayatafanana. Kwa hiyo nunua kaunta buku. Andika siku ya kupanda, mbegu imetoka kwa nani na shamba lipi, mbolea ya kupandia kiasi gani, siku ya kupiga dawa na jina la kiambato lililoandikwa kwenye lebo (si jina la biashara peke yake, maana majina mawili tofauti yanaweza kuwa dawa ileile), ukungu wa mlimani ulilala siku ngapi, na gunia zilizotoka kila kipande. Mimi ndivyo nilivyogundua kipande kinachonilia mbolea bila kunilipa. Nilikuwa nakipenda sana kwa sababu kiko karibu na nyumba, majani yake yananawiri, na bila daftari ningeendelea kukipenda.

Kuhusu chuo: nenda. Nasema bila kumung'unya maneno. Ada ya shangazi isigeuzwe mbegu mwaka huu, kwa sababu eka moja inataka gunia nane hadi kumi za mbegu, na ninyi sasa hivi hamjui mbegu yenu imebeba nini. Mtazika hela ya watu ardhini pamoja na ugonjwa. Wakati unasubiri muhula uanze, mwombe baba mdogo robo eka, isiwe bondeni, uilime na daftari lako. Na ukiwa chuoni likizo zote urudi shambani. Usije ukakaa mjini ukarudi unaona aibu kushika jembe mbele ya wenzako.

Kaka Dereva, hayo ya dalali na rumbesa ni kweli tupu, na kijana ayajue. Lakini dalali hawezi kununua kiazi kilichooza.

La mwisho. Usimwendee baba yako mdogo na "mwalimu alisema". Mpelekee glasi na kisu, mwombe akukatie shina yeye, kwa sababu ya kuchagua shina yeye anakuzidi. Kisha mkae wote mtazame.

---

Kijana_Isyonje:

Mama, ndaga fijo, asante sana. Tumefanya leo.

Baba mdogo alikata shina mwenyewe. Tuliweka glasi juu ya gunia, nyuma tukaweka koti lake jeusi. Uzi ulianza kushuka hata kabla sijakaa vizuri. Hakusema kitu, akaenda kukata la pili kwenye tuta lingine, nalo hivyohivyo. Kiazi tulipokibana kikatoa ute.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alisimama juu ya kingo akanionyesha kwamba vilivyokufa havikutapakaa ovyo, vimefuata mstari. Ule mstari ni njia ya maji yanayotoka shamba la jirani kila mvua kubwa ikipiga, na jirani huyo alikuwa na nyanya pale msimu uliopita. Anasema nyanya zake nazo zilinyauka, kila mtu akadhani ni jua.

Tumekwea pia hadi shamba la juu na glasi. Huko mashina hayakutoa uzi. Sasa baba mdogo anauliza: si ina maana mbegu ya juu ni salama? Na bondeni tupande nini?

---

Mama_Uporoto:

Mpe baba yako mdogo heshima yangu. Hiyo njia ya maji hakuna kijitabu ambacho kingeiona.

Mbegu ya juu, hapana, msiihesabu kuwa safi. Glasi inaonyesha bakteria wakiwa wengi. Wakiwa wachache hawatoi uzi, na ndivyo wanavyokaa kwenye baridi. Viazi vya juu vikikomaa uzeni vya kula. Mbegu ya msimu ujao mnunue iliyokaguliwa, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, hata kama ni kidogo, muizalishe wenyewe kwenye kipande ambacho hakijawahi kuona viazi wala nyanya. Viazi vyake vikikaribia kutoa maua, chomekeni vijiti kwenye mashina yenye afya tu. Wiki mbili baadaye mpite tena, ng'oeni kijiti kwenye shina lolote lililobadilika. Yatakayobaki na vijiti mvune kwa jembe, shina moja moja kabla ya mengine, muweke stoo yenye mwanga hafifu. Hiyo ndiyo mbegu.

Bondeni pandeni mahindi au ngano, misimu kadhaa mfululizo, si mmoja. Msithubutu nyanya, bilinganya, pilipili wala tumbaku, hizo ni ndugu wa viazi na zinaufuga ugonjwa uleule. Maotea ya viazi yatakayochipua katikati ya mahindi myang'oe yote na viazi vyake, myafukie mbali, msiyatupe mtaroni. Jembe na mabuti mliyotumia bondeni yaoshwe kabla ya kwenda nayo shamba la juu.

Na chimbeni mtaro wa kuyakatia maji ya jirani pale juu ya kingo kabla mvua kubwa hazijarudi. Nendeni kwake wote wawili, baba yako mdogo ndiye aongee, mchukue na glasi.